Sabuni ya shangazi na sanduku lililonidanganya

Shangazi yangu hutengeneza sabuni ya maji huko Jinja. Anamimina ungarol, malighafi ya sabuni, kwenye ndoo, anakoroga na maji, halafu anatia chumvi kidogo kidogo. Mwanzoni sabuni ni nyepesi kama chai. Chumvi ikikolea, inakuwa nzito mpaka mwiko unagoma. Akizidisha, inarudi kuwa maji.

Sababu yake nilikuja kuiona kwenye kompyuta, nikisoma Kampala. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia, hivyo molekuli hizo hujikusanya zenyewe, mikia ndani, vichwa nje. Mkusanyiko huo ndio miseli. Vichwa vya ungarol vina chaji hasi, vinasukumana, na miseli inabaki tufe. Sodiamu ya chumvi hutuliza msukumano, vichwa vinasogeleana, tufe linarefuka kuwa uzi. Nyuzi zikisokotana, mwiko unagoma. Sabuni ikiwa nyingi mno kuliko maji, nyuzi hujipanga kama sega la nyuki. Mpangilio wa namna hiyo ulitumiwa na watafiti wa kampuni ya mafuta ya Mobil kutengeneza MCM-41, silika yenye vitundu sawasawa waliyoitangaza mwaka 1992.

Ukitaka kuanza kazi hii ya kuiga molekuli kwenye kompyuta, chukua programu ya GROMACS, ni ya bure, pamoja na Martini, modeli inayofunga atomi nne hivi, bila kuhesabu haidrojeni, kuwa punje moja. Hata laptopu ya kawaida itamudu. Umeme ukikatika usihangaike: programu hujihifadhi kila dakika 15, na ukiirudisha kwa kuongeza -cpi kwenye amri inaendelea ilipoishia.

Molekuli zitupe ovyo ndani ya sanduku, yaani nafasi ya kwenye kompyuta zinamotembea. Ukizipanga wewe, jibu umeshalitoa wewe.

Na sanduku liwe kubwa. Mimi nilitumia dogo, nikapata uzi mzuri ulionyooka, nikamwonyesha msimamizi kwa furaha. Akaniuliza, "Ncha zake ziko wapi?" Hazikuwepo. Katika simulesheni hizi, kinachotoka upande mmoja wa sanduku huingia upande wa pili. Miseli yangu ilikuwa imejishika mkia. Wiki tatu za kazi, na uzi ule uliletwa na sanduku, si chumvi.

Nikaongeza sanduku maradufu kila upande, nikarudia mara tatu, kila mara kwa mtawanyiko tofauti. Mara mbili nikapata uzi mfupi wenye ncha zake. Mara ya tatu yakabaki matufe mawili yaliyokaribiana bila kuungana, na hayo ndiyo ninayoyafuatilia sasa.