"Assassin": mvuta bangi au mwasisi?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika mazungumzo ya chumba cha walimu mwenzangu alidai kwamba neno la Kiingereza "assassin", litumikalo kwa watu wanaoua viongozi, asili yake ni Kiarabu na maana yake ni wavuta bangi. Mimi nilimpinga, nikasema limetokana na mzizi uleule uliotupa "asasi" na "mwasisi", kwa kuwa kundi la kale lililoitwa hivyo, la Waismailia, lilishika msingi wa dini yake. Tumewekeana soda. Tafadhali utuamulie, na utueleze watu hao tuwaiteje kwa Kiswahili. – Mwalimu, Morogoro.

JIBU: Mwenzako ameupata mzizi, ila maana aliyoitoa inahitaji kurekebishwa, na utamu wa swali lenu uko hapo hapo.

Mwaka 1090 Hasan-i Sabbah, mhubiri wa madhehebu ya Waismailia, tawi la Ushia, aliitwaa ngome ya Alamut katika milima ya kaskazini mwa Uajemi, nchi iliyokuwa chini ya masultani wa Kiseljuki. Baadaye, mwaka 1094, Waismailia walifarakana juu ya nani amrithi khalifa wa Kifatimi aliyefariki Kairo, na wafuasi wa Hasan wakamshika mwanawe Nizar, ndiyo maana wakaitwa Wanizari. Walikuwa wachache, wametawanyika katika ngome za Uajemi na Sham, na hawakuwa na jeshi la kusimama uwanjani mbele ya Waseljuki. Kwa hiyo, badala ya kupigana na jeshi, walimwendea yule mmoja anayeliamuru. Jioni moja ya Ramadhani mwaka 1092, karibu na Nahavand, waziri mkuu Nizam al-Mulk alikuwa amekwisha kufuturu na anabebwa katika machela kuelekea kwenye hema la wakeze, ndipo akajitokeza mtu aliyevaa kama sufii, akanyoosha mkono kana kwamba ana maombi ya kuwasilisha, kisha akamchoma kisu. Muuaji alipokimbia alijikwaa kwenye kamba ya hema, akakamatwa na kuuawa palepale. Wapo waliomshuku Sultani Malik Shah mwenyewe kuwa na mkono katika jambo hilo, lakini sifa, au tuseme lawama, iliwaendea watu wa Alamut.

Sasa tuje kwenye jina. Katika Kiarabu "hashishi" ni nyasi au majani makavu, na kwa watu wa mitaani likawa pia jina la bangi. Kwenye miaka ya 1120 serikali ya Khalifa al-Amir wa Kairo, mahasimu wakubwa wa Wanizari, iliandika waraka wa kuwashutumu, na ndani yake ikawaita "hashishiyya", yaani watu wa hashishi, bila kueleza kwamba wanavuta chochote. Lilikuwa tusi tu. Nasi tunalo la namna hiyo: mtu akisema jambo la ovyo anaulizwa, "Umevuta bangi?", na anayeuliza hana ushahidi wala hautafuti. (Al-Amir mwenyewe aliuawa na Wanizari mwaka 1130.) Wapiganaji wa Vita vya Msalaba waliokuwa Sham walilisikia jina hilo kwa majirani zao wakalichukua kama lilivyo; William wa Tyre, mwanahistoria wao wa karne hiyo ya 12, aliandika wazi kwamba hajui limetoka wapi.

Hadithi ya bangi ilinogeshwa baadaye. Marco Polo, aliyepita Uajemi baada ya Wamongolia kuiteka Alamut mwaka 1256, alisimulia habari za mzee wa mlimani aliyewalevya vijana, akawaamsha katika bustani yenye asali na wanawali, kisha akawaahidi kuwarudisha peponi humo wakiua. Mwanahistoria Juvayni aliingia Alamut pamoja na Wamongolia, akaipekua maktaba yake kabla ya kuichoma moto, na aliwachukia Wanizari kwa moyo wote. Lakini hakuandika neno hata moja juu ya bangi, jambo ambalo adui wa namna ile asingeliacha lipite. Tena kazi yenyewe haikuwa ya mlevi. Watu wawili waliomuua Conrad wa Montferrat, kiongozi wa Wapiganaji wa Msalaba, mjini Tyre mwezi Aprili 1192 walikuwa wamejifanya watawa wa Kikristo, wakaishi mjini humo wakizoeleka, hata siku yao ilipofika. Subira ya aina hiyo haitoki kwenye moshi.

Ama hoja yako ya "asasi", Mwalimu, si wewe uliyeianzisha; wako waandishi walioipendekeza. Tatizo ni kwamba maandishi ya Kiarabu ya wakati ule yanaandika "hashishiyya" kwa hé na shini, herufi ambazo "asasi" haina, na baadhi ya Walatini wa zamani waliianza tahajia yao kwa h vilevile. Silvestre de Sacy, Mfaransa mtaalamu wa Kiarabu, aliithibitisha njia hiyo mbele ya wanazuoni wa Paris mwaka 1809, na mpaka leo haijabomolewa. "Mwasisi" na "assassin" zinafanana kwa sauti tu.

Huko Ulaya neno lilisahau milima yake. Kwa Kifaransa, kama wajuavyo wasomaji wetu wa Lubumbashi na Bujumbura, humhusu yeyote aliyeua kwa kukusudia, hata kama aliyeuawa ni jirani yake waliyegombania shamba; Kiingereza ndicho kilicholibana zaidi kwa wanaoua watu mashuhuri.

Wanizari wenyewe hawakujiita hivyo. Mtu aliyetumwa kwa kisu walimwita "fidai", yaani anayeitoa nafsi yake, kutoka mzizi uleule uliotupa sisi "fidia" na "kufidi". Ukitaka ndugu wa Kiswahili katika habari hii, ndiye huyo. Na kwa kuwa Waismailia Wanizari ni majirani zetu, ambao Imamu wao wa zamani Karim Aga Khan, aliyefariki mwaka 2025, alisimikwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1957, si adabu kulifasiri tusi la maadui zao kana kwamba ni historia yao.

Kwa matumizi ya kila siku andika "muuaji wa kisiasa", au "muuaji wa kuvizia" pale namna ya kuua inapohusika. Magazeti yetu yanapoandika juu ya Sheikh Abeid Amani Karume, aliyepigwa risasi Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972, husema "aliuawa", na msomaji haoni pengo lolote. Soda mnunulie mwenzako, lakini akishaifungua mwombe nusu, kwa sababu mzizi aliupata ila wavutaji hakuwapata.