Ruta Inawaka, Chumbani Hakuna Mtandao

SWALI: Nyumba yetu ya Mji Mkongwe, Unguja, ina kuta nene za mawe. Taa zote za ruta (kifaa cha kusambazia intaneti) iliyoko sebuleni zinawaka, lakini chumbani simu hupoteza mtandao kila mara. Je, ruta ni mbovu?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuilaumu ruta, iunganishe na kompyuta kwa waya, intaneti ikipatikana bila kukatika, laini yenu ni nzima na tatizo liko kwenye mawimbi. Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi ya gigahezi 5, yenye kasi kubwa lakini hudhoofika upesi yakikutana na ukuta, pamoja na ya gigahezi 2.4, ambayo hupenya vizuri zaidi ingawa kasi yake ni ndogo. Katika mipangilio ya ruta, yape majina tofauti, kisha uunganishe simu na hayo ya gigahezi 2.4, ukijaribu humo humo kwenye mipangilio chaneli (njia za mawimbi hayo) 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani, ili kukwepa msongamano wa ruta za majirani. Ruta iwekwe juu, mahali pa wazi (wengi huificha nyuma ya televisheni, eti haipendezi). Ikishindikana, vuta waya hadi chumbani na ufunge kifaa cha pili cha kurushia mawimbi.