Je, ni lazima niungame hadharani nikirudi kwenye mkutano wa uamsho?

SWALI: Bwana asifiwe, mchungaji. Niliokoka nikiwa msichana, kisha nikapoa kiimani kwa miaka mingi. Niliishi na mwanamume asiye mume wangu, tena nilikana deni la dada mmoja wa ushirika. Sasa nimetubu, na mwezi ujao ndugu wa uamsho watakusanyika, wakiwamo wale wa kikundi changu cha zamani. Je, nisimame niyaseme yote?

JIBU: Asifiwe milele, dada yangu. Nenda mkutanoni, na usiogope nyuso za wanaokufahamu. Ila kabla ya kwenda, mtafute yule dada wa deni.

Tangu timu ya Gahini kutoka Rwanda ilipohubiri toba huko Kabale, Uganda, mwaka 1935, ndugu wa uamsho wamejulikana kwa kuweka mambo nuruni, yaani kukiri dhambi waziwazi, na watu wengi waliookoka siku zile walirudisha mali walizoiba na kuwaendea waliowakosea kuomba msamaha. Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Kigezi, alipookoka alipanda baiskeli akamfuata Mwingereza mmoja ambaye yeye Festo alikuwa akimchukia, akamwomba msamaha ana kwa ana. Ushuhuda aliousimulia baadaye mbele ya makutano ulikuwa na uzito kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kutengenezwa kati ya watu wawili. Ndivyo Bwana alivyoagiza katika Mathayo 5:24: "upatane kwanza na ndugu yako". Basi lipa deni, na kama huna fedha zote, kiri kwamba unadaiwa na mpatane namna ya kulipa.

Kuhusu yule mwanamume, nakusihi usimtaje wala usieleze kwa namna itakayomtambulisha, kwa maana toba ni yako, na huna ruhusa ya kuungama kwa niaba ya mtu mwingine. Yakobo 5:16 inasema, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa", na agizo hilo linatimizwa hata mbele ya mama mmoja wa ushirika aliyekomaa, anayejua kuomba na kutunza siri. Dhambi iliyoumiza wengi huungamwa mbele ya wengi. Iliyomuumiza mmoja hupelekwa kwake. Nasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa nimeona ushuhuda ukigeuka masimulizi ya dhambi, na wasikilizaji wakaondoka na habari za watu badala ya habari za damu ya Yesu, ambayo 1 Yohana 1:7 yasema "yatusafisha dhambi yote".

Ukipewa nafasi, sema kwamba ulipoa, ukamwacha Bwana, naye amekurudisha. Hayo ni kweli na yanatosha, na ndugu watakuimbia Tukutendereza, wimbo wa uamsho wa Kiganda wa kumsifu Yesu, kwa furaha. Akitokea mtu wa kukushurutisha ueleze zaidi, una haki ya kukataa kwa upole, na umwarifu mzee wa ushirika, ambaye ni wajibu wake kukulinda.