Kwa mnaoanza maleba, yaani mavazi ya jukwaani: fueni kaniki kwanza

Wiki hii nimekaa kwenye mazoezi ya mwisho ya wanafunzi wetu, igizo la Maji Maji, nikaona mwanamke wa mwaka 1905 anaingia jukwaani kajifunga kanga yenye picha ya Mwenge wa Uhuru. Mjerumani yupo, vita inapiganwa, na mwenge uliopandishwa Kilimanjaro mwaka 1961 umeshafika Umatumbi. Nikauliza nani kaileta. "Ilikuwepo nyumbani, Mwalimu." Najua ilikuwepo nyumbani. Kila mwaka huwa ilikuwepo nyumbani. Basi nawaandikia, maana koo limechoka.

1. Vazi halijakamilika mpaka liwashiwe taa. Michoro yenu mnayonionyesha kwenye simu ni mizuri, hongereni, lakini simu ina mwanga wake na ukumbi una wake.

Hili nalisema kwa uchungu. Nilipopewa kazi yangu kubwa ya kwanza, nayo ilikuwa ya Maji Maji, nilijiona bingwa wa utafiti. Nilishasoma kwamba enzi zile nguo ya dukani kwa mtu wa kijijini ilikuwa kaniki, ile ya buluu iliyokoza karibu na nyeusi, na merikani, ile pamba isiyotiwa rangi, nikaapa haitaingia poliesta hata uzi. Nikaenda Kariakoo, nikanunua kaniki mpya, bado ngumu kwa wanga wa kiwandani, nikakata siku hiyo hiyo bila kufua. Wenzangu walipokuwa kwenye mazoezi ya taa, mimi nilikuwa chumba cha pili nakunja pindo, najisifu kwamba mwenye kazi ni mimi peke yangu. Mwongozaji akaniita nikatazame. Nikamtuma kijana akamwambie nina shughuli.

Usiku wa kwanza, onyesho la mtoni. Mtu wa taa kaweka buluu, pazia la nyuma ni jeusi, kijiji kizima kimevaa kaniki. Kijiji kikapotea. Zikabaki nyuso, viganja na nyayo zikielea, na mtoto mmoja huko mbele akauliza kwa sauti, "Mama, mbona hawana matumbo?" Ukumbi ukaangua kicheko wakati Hongo, pepo wa mtoni, anamwita Kinjeketile, mganga wa Maji Maji.

Likaja jasho. Simulizi zinasema Kinjeketile alitoka mtoni nguo zake kavu. Wa kwangu alitoka Rufiji amelowa chapachapa na kaniki inachuja, rangi inamshuka miguuni, na kila mzee aliyemkumbatia akaondoka na kifua cha wino juu ya merikani yake. Kijana aliyemwigiza Kinjeketile alienda kwenye harusi ya dada yake akiwa na mapaja ya samawati. Nilitaka kumlaumu mtu wa taa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza iko wapi karatasi ya taa aliyonipa wiki mbili kabla, yenye neno "buluu" limepigiwa mstari. Karatasi ile nilikuwa nimeikatia pateni ya kola.

Hatukulala. Tulifua kila kitu kwenye ndoo mpaka maji yakatoka meupe, tukasugua magoti na mabega kwa msasa yapauke, tukatia pindo la merikani iliyochovywa chai. Mtu wa taa, Mungu ambariki, akaongeza taa moja ya nyuma bila neno. Kesho yake watu wakawa na matumbo.

Kwa hiyo: fua kitambaa kabla ya mkasi, maana kitachuja rangi na kitarudi, yaani kitapungua. Peleka kipande chini ya taa yenyewe. Nyekundu yako ikikutana na buluu itakuwa nyeusi, usije ukanililia.

2. Kanga ina jina, na hadhira yetu inasoma. Mjane aliyefiwa jana akiingia na jina la kumrushia jirani kijembe, msiba umegeuka taarabu. Kunja jina lielekee ndani, au lichague kwa makusudi. Mwanafunzi wangu mmoja alimpa mama mkwe kanga yenye jina la upole kabisa, mama mkwe akiwa ndiye nyoka wa igizo zima. Kila alipogeuka mgongo wanawake ukumbini waliguna. Wala hakunieleza alilipanga au lilitokea. Nilimpa alama zote.

3. Pima mtu akiwa amechuchumaa na ameinua mikono. Mnapima wachezaji ngoma wamesimama kama wako kwenye gwaride, halafu msamba unapasuka wakati wa sindimba mnasema fundi mbaya. Na pima kwa ruhusa, mtu wa tatu akiwepo chumbani.

4. Velikro ni nzuri kwa kubadili nguo haraka, ila inapiga kelele. Kwenye onyesho la kimya tumia vifungo vya kubana, na mkiwa Bagamoyo viwe vya plastiki. Chumvi ya bahari haina urafiki na chuma.

5. Askari wa Mjerumani alivaa kaki. Ameshafika jukwaani kwangu akiwa na sare ya mgambo, ameshafika na suruali ya mabakamabaka ya mtumba. Mabakamabaka ni magwanda ya jeshi, raia hayavai, na "ni igizo tu, afande" si kibali. Kibali kinaombwa mapema, kwa barua.

6. Usiku wa kufunga igizo, anayehesabu maleba ni wewe, na hutoki mpaka soksi ya mwisho irudi. Waigizaji watakuwa wanapiga picha. Waache wapige, simama mlangoni na daftari.

7. Nguo isiyofulika, ipulizie pombe kali kwenye makwapa baada ya onyesho na uianike ndani nje, harufu itakwisha. Konyagi inafaa. Iko kwenye bajeti kama "dawa ya nguo", na chupa ya mwezi uliopita iliisha kabla hatujafanya onyesho hata moja. Mlioinywa nawajua.