Ukihosti tovuti kusini, tafuta wenye programu

Ujumbe ulioingia kutoka Masasi ni mrefu, lakini swali lake ni moja. Kampuni ndogo ya kuhosti tovuti, yaani kuziweka tovuti za watu kwenye seva zake, ina wateja themanini hivi, wote wananunua nafasi ya diski na barua pepe, na kila mwaka wachache wanahama kwa sababu wameona bei ya chini Dar au nje ya nchi. Ajiunge na wauza programu ili naye awe na vitu vingi vya kuuza?

Ajiunge, ila asianze na wale anaowafikiria. Nafasi ya diski inauzwa na dunia nzima. Mwenye tovuti ya kurasa tano akitaka kukukimbia, anahamisha kila kitu jioni moja. Ila yule ambaye mfumo wa ada wa shule yake, au daftari la mapokezi ya korosho la AMCOS yake (ushirika wa wakulima), linaishi kwenye seva yako, hatikiswi na tofauti ya elfu ishirini kwa mwaka. Na vijana wanaotengeneza mifumo hiyo, wengi wao hawapendi kulea seva. Hawataki kuamshwa usiku kwa sababu diski imejaa. Hiyo ndiyo nafasi yako.

Kwanza tenganisha wanaoitwa washirika. Kuna wanaokuuzia vifaa vya kazi: cPanel (paneli ya kusimamia akaunti za tovuti), CloudLinux (mfumo endeshi unaogawa nguvu ya seva kwa kila akaunti), LiteSpeed (programu ya kuharakisha kurasa), Softaculous (kisakinishi cha programu), WHMCS (ankara na usimamizi wa wateja). Hawa watakupa beji ya "partner" uibandike kwenye tovuti yako, lakini wewe kwao ni mteja, na ukisahau hilo wao watakukumbusha. Juni 2019 cPanel walitangaza kuacha bei moja kwa seva nzima na kuanza kutoza kwa idadi ya akaunti: dola 45 kwa mwezi kwa akaunti 100 za mwanzo, na senti 20 kwa kila inayozidi. Miaka iliyofuata bei ikaendelea kupanda. Waliokuwa wamejaza mamia ya akaunti za bei ya kutupa kwenye seva moja walijikuta faida yote imegeuka leseni. Desemba 2020 zikaja habari kwamba CentOS 8, mfumo endeshi wa bure uliotegemewa hadi 2029, ungefikia mwisho wake mwishoni mwa 2021. Kilichookoa wengi ni AlmaLinux, mfumo mbadala wa bure ulioanzishwa na kampuni ileile ya CloudLinux.

Kwa hiyo kabla ya kusaini leseni yoyote, piga hesabu ya akaunti moja. Chukulia kifurushi chako ni sh 60,000 kwa mwaka, yaani 5,000 kwa mwezi. Leseni za paneli, CloudLinux, LiteSpeed na bakapu tuseme zinafika dola 120 kwa mwezi. Gawa kwa akaunti 80: dola moja na nusu kila moja. Dola ikiwa sh 2,600, hiyo ni 3,900. Umebakiwa na 1,100, na hujalipa seva, umeme, wala mtu wa kupokea simu. Shilingi ilikaa karibu na 2,300 kwa miaka kadhaa, kisha 2024 ikapita 2,600. Mteja wako alishalipa mwaka mzima kwa shilingi, ila leseni unailipa kila mwezi kwa dola. Pengo hilo linajazwa na mfuko wako. Usidhani utakimbilia kuandika bei kwa dola pia, maana kanuni za 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zimezuia kunukuu na kupokea bei kwa fedha za kigeni kwa biashara ya ndani. Ongeza kodi ya zuio: malipo ya huduma kwa asiye mkaazi ni asilimia 15, na kampuni ya nje haitakubali kupokea dola 85 badala ya 100. Utaibeba wewe, na dola 100 inakuwa dola 117.65. Ukipata jibu baya kwenye hesabu hii, angalia DirectAdmin, paneli mbadala wa cPanel, kabla ya kupandisha bei.

Kundi la pili ni vitu vya kuuza tena: Google Workspace, Microsoft 365, vyeti vya SSL (vya usalama wa tovuti) vya kulipia. Weka kwenye orodha, wapo watakaovihitaji, hasa hoteli za Kilwa Masoko na Mikindani zinazotaka barua pepe isiyopotea. Ila usijenge kampuni juu ya cheti cha SSL wakati Let's Encrypt inakitoa bure na seva inaweza kukihuisha yenyewe kabla hakijaisha.

Kundi la tatu ndilo la kukesha nalo, yaani mtengeneza programu wa hapa hapa. Mwenye mfumo wa shule, wa duka la dawa, wa SACCOS, wa ghala. Wengi wako Mtwara mjini na Lindi, wengine Dar lakini wateja wao wako Newala, Tandahimba, Ruangwa na Nachingwea. Tatizo ni kwamba watu wanasaini nao kwa kupeana mikono, kisha wanaanza kulaumiana mteja wa tatu akishaingia.

Ijaribu programu kabla ya kumkubali mtu

Omba nakala nzima na kanzidata ya mfano, uiweke kwenye seva ya majaribio, wewe mwenyewe, bila mtengenezaji kukushika mkono. Ukishindwa kuisimamisha kwa maelezo aliyokuandikia, huna mshirika bado, una mgonjwa.

Kitu cha kwanza kuangalia ni toleo la PHP, lugha ambayo programu imeandikwa. Mifumo mingi ya shule inayozunguka huku iliandikwa kwa PHP 7.4, ambayo iliacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022. CloudLinux wana matoleo ya zamani ya PHP wanayoyaziba matundu wenyewe, kwa hiyo unaweza kumpokea huku ukimpa muda maalumu wa kuhama, tuseme miezi sita, na uandike kwenye mkataba. Cha pili, uliza kama programu imefungwa kwa ionCube, kifungio kinachoficha msimbo wa programu. Faili zilizofungwa hivyo zinahitaji kifunguzi kinacholingana na toleo la PHP, na ionCube waliruka PHP 8.0 kabisa, wakatoka 7.4 hadi 8.1. Fundi asiyejua anapandisha seva hadi 8.0 akidhani anaenda hatua kwa hatua, na mfumo mzima unaonyesha ukurasa mweupe. Hapo anayepigiwa simu ni wewe.

Kisha uangalie barua pepe na idadi ya watu kwa wakati mmoja. Mfumo unaotuma taarifa za ada kwa wazazi 600 kupitia seva ya pamoja unaweza kuingiza anwani yako ya IP kwenye orodha nyeusi, na barua za wateja wengine wote zikaanza kuangukia kwenye spamu. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai SPF, DKIM na DMARC (rekodi zinazothibitisha anayetuma barua) kwa wanaotuma kwa wingi. Mtenge mtu wa namna hiyo kwenye VPS yake (seva pepe isiyoshirikiwa na wengine) yenye IP yake.

Siku ya matokeo ndipo shule zinapokuumbua. CloudLinux kwa kawaida inaruhusu kila akaunti maombi 20 yanayoingia kwa mpigo. Mkuu wa shule akituma kiungo saa kumi jioni kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, maombi 20 yanajaa ndani ya sekunde, na waliobaki wanaona kosa la 508. Watu hukimbilia kununua seva kubwa zaidi. Mara nyingi haisaidii, kwa sababu kila mzazi anaifanya kanzidata ipange upya wastani na nafasi za darasa zima. Dawa iko kwa mtengenezaji: matokeo yakishaidhinishwa, mfumo uyatoe kama faili ya PDF kwa kila mwanafunzi, mara moja, na mzazi apakue faili tu. Wewe unapandisha kikomo kwa siku mbili kisha unakirudisha. Mtengenezaji anayekataa kubadilisha hilo, akidhani kwamba seva ni yako na kwa hiyo shida ni yako, mwache aende.

Kwa AMCOS swali ni tofauti: je, karani anaweza kupokea mzigo mtandao ukiwa umelala? Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar, na tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za EASSy na Seacom baharini zikakatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Msimu wa korosho ulikuwa haujafika. Ingetokea Novemba, magunia yakiwa yamepanga foleni ghalani, mfumo usioweza kurekodi bila mtandao na kuoanisha baadaye ungeachwa na karani kurudi kwenye daftari la karatasi siku hiyohiyo, na usingerudi tena.

Kinachoandikwa kwenye karatasi

Andikeni nani anapokea simu ya kwanza. Pendekezo langu ni mtengenezaji, kwa sababu simu tisa kati ya kumi zitahusu "nimesahau nywila" na "risiti haitoki". Wewe unapokea kutoka kwake tu, kwa tiketi, na mnakubaliana dakika ngapi za kujibu wakati wa msimu na nje ya msimu.

Andikeni mteja ni wa nani. Domeini ya .co.tz isajiliwe kwa jina la shule au ushirika wenyewe, kamwe isiwe kwa jina lako wala la mtengenezaji. Mkiachana, kanzidata itolewe kwa mfumo wa SQL ndani ya siku saba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatofautisha mkusanyaji na mchakataji: shule ndiyo inayokusanya taarifa za watoto, ninyi wawili mnachakata. Mjisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kama seva iko Ulaya, mteja aambiwe kwa maandishi, maana kusafirisha taarifa nje ya nchi kuna masharti yake.

Kuhusu mgawo wa pesa, usikubali asilimia peke yake. Mfumo wa mteja mdogo unaweza kula seva kuliko wa mteja mkubwa. Toza kiasi maalumu cha VPS kwa mwezi, kisha chukua asilimia kwa wateja uliowaleta wewe, na iwe inayorudi kila mwaka wanapohuisha. Zawadi ya mara moja inakufanya ukimbizane na wapya na kuwasahau wa zamani. Bei isibadilishwe bila taarifa ya siku 90, pande zote mbili.

Ukitumia WHMCS, moduli inayoiunganisha na programu ya mshirika ijaribiwe vitendo vinne: kufungua akaunti, kuisimamisha, kuirudisha na kuifuta. Kosa linalojirudia ni kusimamisha tovuti huku leseni ya upande wa pili ikiendelea kuhesabika, mkatozwa kwa mteja asiyelipa. Kufuta kusifanyike chenyewe kabisa, bonyeza kwa mkono baada ya kuthibitisha bakapu ya nje ya seva inarudishika. Kwenye malipo ya simu, mfumo wa malipo unaweza kutuma uthibitisho uleule mara mbili, kwa hiyo kagua namba ya muamala kabla ya kuweka salio, la sivyo ankara moja italipwa mara mbili na mwaka ujao mteja atakwambia hadaiwi.

Tarehe za ankara zifuate pesa ya huku. AMCOS zitumie ankara Novemba, minada ya korosho ikiwa imechanganya. Walio kwenye ufuta upande wa Lindi, Julai. Shule, Januari baada ya ada. Ukiacha tarehe ya kumbukumbu ya siku mteja alipojiunga, utajikuta unadai ushirika Machi, na hakuna atakayekujibu.

Kwa ndugu wa Masasi: chukua mtengenezaji mmoja, wateja watatu, kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Januari ili mpite msimu wa korosho na ufunguzi wa shule. Weka VPS moja yenye kumbukumbu ya GB 4, bakapu ya kila usiku kwenye seva nyingine, na daftari la kila simu iliyokufikia wewe badala ya yeye. Februari kaeni na daftari hilo mezani mpange bei ya mwaka. Leseni ya LiteSpeed isubiri hadi hapo.