Nyumba Usiikague Jumapili

Nyumba yetu ya kwanza ya kupanga niliiona Jumapili, saa nne asubuhi. Dalali aliendesha, mimi nikakaa pembeni nikitazama nje kama mgeni aliyekuja kutembea. Kilomita 14, dakika 22 kutoka geti la ofisi hadi mlangoni. Vyumba vikubwa, uani mti wa kivuli, na kodi ya chini kuliko nyumba zote nilizokuwa nimeziona. Kwa nini ni ya chini, sikujiuliza. Nikatoa hela siku hiyo hiyo.

Jumatatu ya kwanza nilitoka saa kumi na mbili na nusu, nikafika kazini saa mbili na dakika 10. Nikasema leo kuna ajali mahali. Jumanne nikasema ajali nyingine. Jumatano sikusema kitu.

Tulikaa pale miaka miwili. Siku moja nikiwa nimesimama kwenye foleni nikapiga hesabu kwa simu: saa tatu kwenda na kurudi, siku tano kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka. Saa 720. Ukizigawa kwa 24 unapata siku 30, usiku na mchana. Yaani kila mwaka nilikuwa nakaa mwezi mzima nikisoma namba ya gari lililo mbele yangu.

Sasa, kwa nini Jumapili inadanganya kiasi hicho? Njia moja ya barabara, yenye mwendo mzuri na isiyo na taa, hupitisha magari kama 2,000 kwa saa, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Chini ya hapo mambo ni shwari. Yakija magari 2,200, yale 200 ya ziada hayana pa kwenda, yanasubiri. Baada ya saa moja anayefika mwisho wa foleni anasubiri dakika 6, baada ya saa mbili dakika 12, na hapo ni penye kizuizi kimoja tu. Njiani kwangu vilikuwa vinne. Ndiyo maana jirani yangu aliyekuwa akitoka dakika 20 kabla yangu alikuwa akifika dakika 50 kabla yangu. Nilidhani ana njia ya panya anayonificha.

Kuna jambo lingine lililokuwa likinikera: unasota nusu saa, unafika mbele, na mbele hakuna kitu. Hakuna ajali, hakuna askari, hakuna gari bovu. Watafiti wa Japani walilionyesha hilo katika jaribio walilolichapisha mwaka 2008. Waliweka magari 22 kwenye duara la mita 230, wakawaambia madereva waende mwendo mmoja, kilomita 30 kwa saa. Haikuchukua muda foleni ikajitengeneza yenyewe. Mmoja anakanyaga breki kidogo, wa nyuma anakanyaga zaidi, wa nyuma yake anasimama kabisa. Magari yakibanana hivyo, foleni haihitaji sababu.

Nyumba ya pili niliikagua kwa ujanja. Nilikwenda Jumanne, asubuhi ya kazi, saa na dakika nimeziandika. Dakika 35! Tukahamia. Wiki tatu baadaye shule zikafunguliwa.

Kwa hiyo ukitaka kujua nyumba iko mbali kiasi gani, ipime siku ya katikati ya wiki, shule zikiwa wazi, kwa saa ile ile utakayotoka, na kwa chombo kile kile utakachopanda. Mvua ikinyesha siku hiyo, shukuru. Halafu pima na kurudi. Wengi wanapima asubuhi tu, wakati foleni ya jioni ina tabia yake: asubuhi watu wanakwenda kazini na shuleni moja kwa moja, jioni kila mtu ana pa kupitia.

Lakini hata kipimo hicho hakitoshi, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Katika nyumba ile ya pili nilianza kuandika muda wa safari kwenye kidaftari. Wiki moja ilisomeka hivi: 55, 58, 52, 95, 60. Mtu akiniuliza unatumia muda gani, ningejibu, lisaa hivi. Lakini siku ya 95 haikutoa taarifa kwamba inakuja. Kama mkutano ni saa mbili kamili na huruhusiwi kuchelewa, unatoka kana kwamba kila siku ni ya 95. Siku nne zilizobaki unafika mapema na kukaa kwenye gari ukihesabu nguzo za uzio. Nyumba ya dakika 58, kimaisha, ni nyumba ya dakika 95. Mimi leo ningechagua nyumba ya dakika 65 za uhakika kuliko ya 45 inayoweza kugeuka 90. Kinachomchosha mtu ni kutojua, zaidi ya urefu wenyewe.

Na kutojua huko kunaonekana kwenye ramani. Chora njia zote unazoweza kupita. Kama zote zinakutana kwenye daraja moja au kwenye kivuko kimoja cha reli, hizo si njia tatu, ni moja. Lori likiharibika pale juu, mtaa wenu wote umefungiwa nje ya mji.

Tukiwa kwenye ramani, angalia pia upande wa jua. Ukikaa magharibi mwa kazi yako, jua litakupiga usoni asubuhi ukienda na jioni ukirudi. Ukikaa mashariki, liko mgongoni mara zote mbili. Dalali hatakwambia, na mimi mwenyewe nililijua baada ya kununua miwani ya pili.

Atakachokwambia ni kwamba barabara inapanuliwa. Inaweza kuwa kweli. Wanauchumi Gilles Duranton na Matthew Turner walichunguza miji ya Marekani, na mwaka 2011 wakachapisha walichokikuta: barabara kuu zikiongezwa, kilomita zinazoendeshwa na magari juu yake huongezeka karibu kwa kiwango hicho hicho. Nafasi mpya inajazwa. Usilipe kodi ya leo kwa barabara ya kesho.

Wa basi nao wana hesabu zao. Ukiweza, kaa karibu na kituo ambako basi linaanzia safari, hata kama ni mbali zaidi. Dakika 70 umeketi na kitabu ni nafuu kuliko dakika 45 umening'inia na kiwiko cha mtu shingoni. Basi lenye njia yake yenyewe, au treni, ni bora kuliko basi linalokaa foleni moja na magari madogo. Na kila mahali pa kubadilisha chombo hesabu kama kizuizi kingine, kwa sababu cha pili hakikusubiri.

Kodi nafuu ndiyo iliyonifunga macho, na sikuwa peke yangu. Wanauchumi Bruno Frey na Alois Stutzer walichambua takwimu za Ujerumani wakitegemea kuona kwamba mwenye safari ndefu hufidiwa na nyumba nzuri au mshahara mnono. Hawakuiona fidia hiyo: kadiri safari ilivyorefuka, ndivyo watu walivyosema hawaridhiki na maisha. Naye mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2004, waliwauliza wanawake 909 wafanyakazi wa Texas walivyojisikia katika shughuli za siku iliyopita, na safari ya asubuhi kwenda kazini ikashika mkia.

Mimi sikuhitaji takwimu. Jioni moja mke wangu alikuwa anaosha chupa yangu ya maji, akaniuliza, "Mbona siku hizi inarudi imejaa?" Nikabaki nimesimama. Nilikuwa nimeacha kunywa maji baada ya saa nane mchana, miezi mingi, kwa kuogopa kubanwa njiani, na sikukumbuka ni lini nilianza.

Kuhama hakukuwezekana mara moja, kwa hiyo nilimwomba bosi niingie saa moja na nitoke saa tisa. Nilishangaa alivyokubali haraka. Omba hilo kabla hujahama, maana saa ya kuingia kazini inabadilisha orodha nzima ya mitaa unayoweza kuishi. Na mkiwa wawili mnaofanya kazi, msikimbilie nyumba ya katikati kwa kudhani ndiyo haki. Inaweza kuwaweka wote wawili kwenye foleni.

Nyumba ya sasa ni ndogo, uani hakuna mti. Nilipomwambia dalali nitakwenda kuiona Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa basi, alicheka. Nilifika, nikasubiri getini. Akaja saa mbili kasoro, anatokea upande ule nilikokuwa nikiishi zamani, anafuta jasho, anaomba radhi kwa ajili ya foleni.