Kupenda wanyama kunatosha kusomea zoolojia?

Mdogo wangu, umeuliza kama mapenzi kwa wanyama yanatosha kuchukua shahada ya zoolojia. Ni mwanzo mzuri, ila jiandae: zaidi ya asilimia 90 ya spishi za wanyama zinazojulikana hazina uti wa mgongo, kwa hiyo utakaa na minyoo na wadudu kuliko na simba. Utamweka panzi chini ya hadubini na kuona vitundu vidogo vilivyojipanga ubavuni, anavyopumulia. Mimi hapo ndipo nilinogewa kabisa! Somo la takwimu usilikwepe, utafiti mwingi unalitegemea. Lakini kama unataka kutibu wanyama, omba udaktari wa mifugo moja kwa moja. Zoolojia haikupi leseni hiyo.